Tepu imegeuka lakini vifaa havijaiva: mwongozo kamili wa otoklevu ya jiko kwa zahanati za Arusha na Moshi

Wiki hii nimepigiwa simu tatu na zote zinazunguka pale pale. Wa kwanza: "Dada, vifurushi vimetoka vimelowa, nifanyeje?" Wa pili alikuwa keshavianika dirishani vikauke na jua, ananiuliza kama anaweza kuvitumia mchana. Wa tatu tepu yake ya kiashiria (ile ya kubana kifurushi, inageuka rangi ikipata joto) iligeuka nyeusi safi kabisa, afu anafungua seti ya kuwekea kitanzi cha uzazi wa mpango mbele ya mama anakuta spekula (kifaa cha kupanulia uke) ina damu kavu kwenye skrubu. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika yote hapa, anayetaka aprinti abandike ukutani karibu na sinki.

Naongelea ile otoklevu ndogo, yaani chombo cha kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke, inayokaa juu ya jiko la gesi, au ile ya umeme ya kujaza maji kwa mkono, inayofanana na presha kuka kubwa yenye geji kwenye mfuniko. Kama kituo chako kina mashine kubwa inayojiendesha, hatua za kuosha na kufunga ni hizi hizi ila kwenye kuiwasha fuata kitabu chake.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Kinachoua vijidudu humu ni mvuke wenyewe ukigusa chuma. Sio moto wa jiko na sio namba ya geji, na tepu ndo kabisa haiui kitu. Popote mvuke usipogusa, iwe ni chini ya damu iliyokauka au kwenye bawaba iliyobanwa au mahali hewa imenasa, hapo hapajaiva hata upike mpaka kesho. Karibu kila ninachokwambia huko chini sababu yake ni hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Glavu nene za mpira zile za usafi (za kupimia wagonjwa zinachanika), aproni ya plastiki, miwani au ngao ya uso, viatu vya kufunika vidole
- Beseni tatu, au mbili na bomba linalotoka maji
- Sabuni ya maji ya kawaida isiyo na chenga; sabuni ya unga na stili wulu weka mbali
- Mswaki laini, na brashi nyembamba ndefu ya kuingia kwenye mirija
- Vitambaa visivyotoa nyuzi vya kukaushia
- Vitambaa vya pamba vya kufungia, visivyo na tundu wala kiraka
- Tepu ya otoklevu, pamoja na vile vijikaratasi vya kiashiria vya kuweka NDANI ya kifurushi
- Maji yasiyo na madini ya kujaza otoklevu
- Saa, kalamu ya wino usiofutika, daftari

Hapo kwenye maji watu wananicheka. Lakini maji ya huku upande wa Meru tunayajua, floraidi yake tu inaonekana kwenye meno ya watu, na madini mengine yanabaki chini ya otoklevu kama ukoko mweupe wa birika, yanaziba valvu, yanaacha madoa kwenye chuma. Ukikosa kabisa tumia yaliyopo, ila osha sufuria mara kwa mara na ukwangue huo ukoko kwa kitu laini.

## Kwanza jua kipi kinahitaji nini

Sio kila chombo kina hadhi moja.

Kinachoingia mahali ambapo mwilini hapatakiwi kuwa na kijidudu hata kimoja, mfano ndani ya mji wa mimba, kwenye jeraha, kwenye mshipa, hicho lazima kiwe kimesterilaiziwa, yaani kimeuliwa vijidudu vyote. Saundi ya kupimia mji wa mimba, tenakulamu (koleo la kushikia shingo ya kizazi), mkasi wa kukatia kitovu, vifaa vya kushonea, vyote viko hapa.

Kinachogusa utando tu bila kupenya, kama spekula ya uchunguzi wa kawaida, ni bora kisterilaiziwe, na ikishindikana kabisa kichemshwe dakika 20 kamili kikiwa kimezama chote. Dakika zinahesabiwa maji yakishatokota, na ukitupia chombo kingine katikati unaanza upya kuhesabu. Kuchemsha kunaua vingi ila hakuui mbegu ngumu za bakteria, zile spora, na pepopunda inatembea na spora. Ndo maana mkasi wa kitovu hauchemshwi ukaishia hapo.

Kinachogusa ngozi nzima, mfano mkanda wa presha, safisha tu.

Vya kutumia mara moja (spekula ya plastiki, katheta, sindano, chochote chenye alama ya namba 2 iliyokatwa kwa mstari) havirudi. Nimeshakuta spekula ya plastiki imepinda kama kijiko kilichoachwa kwenye sufuria ya moto, mtu kaipitisha kwenye otoklevu kwa kubana matumizi. Hata ingetoka imenyooka, ilitengenezwa itupwe.

## Hatua ya 1: Usiache damu ikauke

Kazi inaanzia palepale kitandani. Ukimaliza kumhudumia mama, futa damu na ute kwa kitambaa chenye maji, weka vifaa kwenye chombo chenye mfuniko vikiwa na unyevu (kitambaa kilicholowa juu yake kinatosha), peleka chumba cha kuoshea. Usiviache kwenye kidnidishi (kile kisahani chenye umbo la figo) mpaka zamu ya jioni.

Sasa suala la klorini. Wengi wetu tulifundishwa chuoni kuloweka kwanza kwenye klorini 0.5% dakika 10, na vituo vingi bado vinafanya hivyo. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2016 halishauri tena kuloweka vifaa kwenye klorini kabla ya kuviosha, kwa sababu damu inaimaliza nguvu ile klorini, klorini nayo inakula chuma, na mtu anajiona salama wakati hayuko salama. Mi naona wana hoja, vifaa vyangu vya zamani vyote vilivyootea kutu vilitokea kwenye ndoo ya klorini. Ila kama utaratibu wa kituo chako bado unataka klorini usigombane na incharji wako kwa sababu yangu, fanya ila fanya sawasawa: Jik ya 3.5% kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, ichanganywe siku hiyo hiyo, dakika 10 zikiisha toa. Sio uende kunywa chai urudi saa nne.

Umefanikiwa kama: vifaa vinafika kwenye sinki vikiwa bado na unyevu na hakuna damu iliyoganda kwenye meno ya fosepsi (koleo la kushikia).

## Hatua ya 2: Osha kama vile otoklevu haipo

Hapa ndo wengi wanaharibu, wanaona kwa kuwa kitapikwa basi kuosha ni kulipua tu. Kinyume chake. Damu iliyobaki inapikwa na kuwa gamba, na chini ya gamba mvuke haufiki.

Vaa kila kitu nilichotaja, miwani ikiwemo. Maji yawe ya baridi au vuguvugu, yasiwe ya moto, maana moto unaigandisha damu kwenye chuma kama yai kwenye kikaango. Tia sabuni.

Fungua kila kinachofunguka. Spekula ya Cusco legeza skrubu, tenganisha mataya. Mkasi na fosepsi panua. Sugua kwa mswaki chini ya maji, sio juu ya maji, kwa sababu ukisugulia hewani matone yanakurukia usoni. Pita kwenye meno, kwenye bawaba, kwenye uzi wa skrubu. Chombo chenye tundu pitisha brashi nyembamba mpaka itokee upande wa pili, afu sukuma maji ndani yake.

Onyo: usimimine vifaa vyenye ncha kali kwenye beseni yenye povu afu ukatia mkono kutafuta. Ncha kali zina beseni lake, zinashikwa moja moja.

## Hatua ya 3: Suuza, kausha, kagua

Suuza kwa maji safi mpaka utelezi wa sabuni uishe. Kausha kwa kitambaa au acha vikauke vyenyewe. Kukausha kuna sababu, chombo kinachoingia na maji kinaongeza maji ndani ya kifurushi na hapo ndo safari ya kifurushi kulowa inapoanzia.

Sogea dirishani uangalie kila kimoja kwenye mwanga. Mi nina kawaida ya kupitisha kipande cha kitambaa cheupe kwenye bawaba, kikitoka na doa la kahawia kinarudi kwenye beseni. Mkasi usiokata, fosepsi isiyobana, kilichopata kutu, weka pembeni.

Na tafadhali usipake mafuta ya kupikia wala vaselini kwenye skrubu iliyokaza. Mvuke haupenyi kwenye mafuta.

## Hatua ya 4: Funga

Vitambaa viwili vya pamba, kimoja juu ya kingine. Turubai au kitambaa kizito cha plastiki hapana. Kitambaa kiwe kimefuliwa tangu kilipotumika mara ya mwisho hata kama kinaonekana kisafi, maana pamba iliyokaushwa na joto ikirudishwa hivyohivyo haipitishi mvuke vizuri.

Panga vifaa vikiwa vimefunguliwa, bawaba wazi, skrubu zimelegezwa. Vibakuli na vidnidishi vilale kwa ubavu, visitazame juu kama vinasubiri uji, kwa sababu vikitazama juu hewa inakaa ndani yake na maji yanakusanyika. Weka kijikaratasi cha kiashiria KATIKATI ya kifurushi, sio juu.

Kunja kitambaa cha ndani kama bahasha: kona ya chini kwanza, kulia, kushoto, ya juu mwisho, kila kona acha kisikio kidogo cha kushikia wakati wa kufungua. Kisha kitambaa cha nje hivyo hivyo. Bana kwa tepu. Usikaze kama unafunga mzigo wa kupandisha kwenye keria ya Hiace, mvuke unataka nafasi. Kifurushi kisizidi sentimita 30 kwa 30 kwa 50 wala kilo 5, kwa otoklevu zetu hizi ndogo kiwe kidogo zaidi ya hapo sana.

Andika kwenye TEPU, sio kwenye kitambaa: ni seti ya nini, tarehe, awamu ya ngapi siku hiyo, herufi za jina lako.

Wanaotumia drumu ya chuma yenye matundu ubavuni: matundu yawe wazi inapoingia, na yafungwe mara tu inapotoka. Nimeona ikifanyika kinyume zaidi ya mara moja, yaani drumu inapikwa imefungwa na inakaa kabatini iko wazi.

## Hatua ya 5: Toa hewa

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa zahanati moja ya milimani. Nikapika seti za leba, tepu zote nyeusi, nimefurahi. Nesi mkubwa akafungua kifurushi kimoja mbele yangu akatoa kijikaratasi cha ndani, hakijabadilika hata kidogo. Akanyanyua mfuniko akanionyesha kale kamrija laini kanakoning'inia chini ya mfuniko, akasema, "Haka ulikaweka wapi?" Nilikuwa nimekaacha kananing'inia tu juu ya vifurushi.

Haka kamrija kana kazi. Pembeni ya ndoo ya ndani kuna kijia chake, unakaingiza hapo kashuke mpaka chini. Hewa ni nzito kuliko mvuke, inakaa chini, mvuke unaijaza sufuria kutoka juu na kuisukuma hewa itoke kwa huo mrija. Mrija ukiwa juu unatoa mvuke wenyewe na hewa inabaki imekaa chini na vifurushi vyako. Geji haitakwambia. Geji inapima msukumo, haijui kama ni wa mvuke au wa hewa. Kwa usawa wa bahari geji ikiwa 15 (pauni kwa inchi ya mraba) na hewa yote imetoka unapata nyuzi 121 za Selsiasi. Ikiwa imetoka nusu unapata kama 112. Ikiwa haijatoka kabisa unacheza na 100. Namba ile ile, kilichomo ndani tofauti.

Kwa hiyo:

1. Mimina maji mpaka alama, yasiguse vifurushi. Angalia kila awamu, usiseme "jana niliweka".
2. Pakia vifurushi vikiwa vimesimama, kati ya kimoja na kingine mkono uliolala upite. Visiguse ubavu wa sufuria. Vikizidi pika awamu mbili.
3. Ingiza mrija kwenye kijia chake. Hakikisha kwa kidole.
4. Funika, kaza zile nati za mabawa mbili mbili zinazotazamana, usizunguke kama saa, vinginevyo mfuniko unakaa upande na mvuke unavuja.
5. Washa moto mkali, valvu ya kutolea iwe WAZI.
6. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu, sio ule wa kuhemahema, ule wa kupiga filimbi mfululizo, anza kuhesabu dakika 5 mpaka 7. Mi naenda 7 siku zote.
7. Hapo ndo ufunge valvu.

Umefanikiwa kama: mvuke ulitoka mfululizo bila kukatika dakika zote hizo, na baada ya kufunga valvu geji inapanda bila kuvuja pembeni ya mfuniko. Ikivuja zima, acha ipoe, angalia gasketi (ule mpira wa kuziba mfuniko). Usijaribu kukaza nati ikiwa na presha.

## Hatua ya 6: Muda, na tatizo letu la milima

Kila bango ukutani limeandikwa nyuzi 121, geji 15, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa na dakika 30 kwa vilivyofungwa. Ni sahihi kabisa. Dar es Salaam.

Huku kwetu kuna jambo ambalo kila bibi wa Marangu analijua bila kusoma: maharage yale yale, mkaa ule ule, kule juu yanachelewa kuiva kuliko Moshi mjini. Kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito, maji yanatokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Arusha mjini tupo kama mita 1,400 juu ya bahari na maji yanatokota kwenye nyuzi kama 95. Moshi mjini, mita 800 na kitu hadi 900, ni kama 97.

Geji yako inasoma sifuri Dar na inasoma sifuri Arusha, kwa sababu inapima presha ya ndani kuzidi ya nje. Ya nje ikiwa ndogo, basi 15 ya Arusha ni ndogo kuliko 15 ya Dar. Ukipika kwa geji 15 hapa Arusha unapata nyuzi kama 118, sio 121. Nyuzi tatu zinaonekana si kitu, ila kwa spora ni nyingi, muda unaohitajika unakaribia kuwa mara mbili.

Ufanye nini:

Kama otoklevu yako ina kipimajoto: sahau geji, fuata joto. Saa inaanza kuhesabu ikifika 121. Hii ndo njia bora na ukiwa na nafasi ya kuchagua mashine chagua yenye kipimajoto.

Kama ina geji tu: ongeza kama nusu ya pauni kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini inakuja 16.5 hivi, Arusha mjini 17 na kidogo. Karatu, Monduli, Machame ya juu, uliza au angalia kwenye simu eneo lako liko mita ngapi ndo upige hesabu. Lakini usivuke kamwe mstari mwekundu wa geji wala kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, na usitundike kitu chochote kwenye valvu ya usalama ili isipulize. Hiyo ni bomu.

Kama valvu yako imefungiwa kwenye 15 na haipandi: usilazimishe. Ongeza muda. Kwa mji wa Arusha, vilivyofungwa nenda dakika 60 badala ya 30, na kitabu cha mashine kikikupa muda wake wa sehemu za juu fuata hicho. Hakikisha maji yanatosha kwa muda huo wote. Kisha mwambie fundi wa vifaa tiba aje aiangalie, na geji yenyewe aipime, geji nyingi zimezeeka na zinasema uongo.

Mambo matatu ya saa. Kuhesabu kunaanza kiwango kikishafikiwa, sio ulipowasha jiko. Kikishafika punguza moto uwe wa kukishikilia tu. Na ikishuka katikati, iwe mtungi wa gesi umeisha au umeme umekatika, unaanza upya dakika zote. Najua inauma, imekwenda dakika 25, zimebaki 5, umeme pu! Unaanza upya.

## Hatua ya 7: Kausha, hapa ndo vinapolowa

Muda ukiisha zima jiko, fungua valvu ya kutolea taratibu, uso na mikono pembeni. Subiri geji isome SIFURI na mvuke uishe kutoka. Ndo ulegeze nati, na mfuniko uunyanyue kwa upande wa mbali na wewe kwanza ili mvuke utokee kule.

Sasa usitoe kitu. Acha mfuniko umefunguka kidogo tu, upana wa kidole chembamba, dakika 20 mpaka 30. Chuma bado kina moto, ndo unaokausha kitambaa. Ukifungua wazi mara moja, hewa baridi inaingia na mvuke uliomo kwenye vitambaa unageuka maji palepale.

Baada ya hapo toa kwa mikono safi iliyokauka, weka kwenye rafu ya waya au meza iliyotandikwa vitambaa vikavu kadhaa. Usiweke kifurushi cha moto kwenye meza ya chuma au ya vigae, hasa Juni na Julai baridi letu hili, chini yake kitatoa jasho kama chupa ya soda. Usivipange kimoja juu ya kingine mpaka vipoe kabisa. Dirisha lifungwe, feni hapana.

Kikitoka kimelowa, au kina alama ya unyevu hata ndogo, hakijasterilaiziwa, maana maji kwenye kitambaa yanavuta vijidudu kutoka nje kuingia ndani kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Kukianika juani hakusaidii, unakausha kitambaa lakini walioingia wameshaingia. Kifungue, badili kitambaa, rudia.

Vikilowa kila siku, tafuta sababu kwa mpangilio huu: umejaza mno, vifaa viliingia na maji, vidnidishi vilitazama juu, ulifungua haraka, maji yalizidi yakagusa vifurushi. Mara nyingi ni cha kwanza.

## Hatua ya 8: Soma viashiria bila kujidanganya

Tepu ya nje ikigeuka rangi inakwambia jambo moja tu, kwamba kifurushi hiki kilipita kwenye joto. Haikwambii katikati paliiva. Kazi yake ni kumwonyesha mwenzio wa zamu ya usiku kwamba hiki kimepita na kile bado.

Kijikaratasi cha ndani kinasema zaidi, lakini unakisoma wakati wa kufungua tu, kwa hiyo kila anayefungua seti akisome kabla hajagusa kifaa. Kisipogeuka vizuri, seti hiyo haitumiki, na zote za awamu hiyo zinarudi. Ndo maana nilikwambia uandike namba ya awamu.

Kipimo cha uhakika ni kile cha vichupa vyenye spora hai za Geobacillus stearothermophilus, vinapikwa pamoja na vifurushi afu vinaatamishwa kuona kama kuna kilichopona. Zahanati nyingi hazina, ila hospitali ya wilaya au ya rufaa wanaweza kukusaidia, ongea nao, hasa mashine ikitoka matengenezo.

Daftari: tarehe, awamu, kilichopikwa, saa ilipofika kiwango, saa ulipozima, geji au joto, kiashiria kilivyotoka, sahihi. Mistari miwili haikuchukulii hata dakika.

## Hatua ya 9: Hifadhi na kufungua

Kabati kavu lenye mlango, mbali na sinki, mbali na sakafu. Vya zamani mbele, vipya nyuma. Muda wa kukaa fuata utaratibu wa kituo chako, ila tarehe peke yake isikudanganye. Kifurushi cha jana kikidondoka chini, kikilowa, kikichanika au tepu ikiachia, kimeshaharibika leo.

Siku ya kazi, mama akishalala kitandani na umeshamweleza unachoenda kufanya, weka kifurushi kwenye troli kavu, kiangalie pande zote, kisha fungua kona ya mbali na wewe kwanza, za pembeni, ya kwako mwisho, ili mkono usipite juu ya vifaa. Shika vile visikio tu. Soma kijikaratasi. Kikiwa sawa nawa mikono, vaa glavu tasa (zilizosterilaiziwa), gusa vifaa.

Kikiwa sio sawa mwombe radhi mama, funika, vuta seti nyingine kabatini. Kwa hiyo siku ya kitanzi usipange seti idadi sawa na kina mama walioandikishwa, panga mbili zaidi.